Karatasi Kumi na Sita

Bahasha ilifika Sib Jumatano, imechoka,
ina mihuri mitatu na jua la Oktoba mgongoni.
Ilze, jirani wa juu, anayefanya kazi Barka
kwenye mitambo ya kuichuja bahari chumvi,
aliifungulia mezani kwa mama
maana kwake kiyoyozi kimekufa tangu Idi.

Zikamwagika karatasi kumi na sita.
Kila chama na karatasi yake.
Nchi yenyewe, nilipomwonesha mama kwenye ramani,
aliifunika yote kwa kokwa ya tende
akauliza: Humu? Wote hawa wanagombea humu?

Nikafasiri. Hiki cha wakulima.
Hiki cha misitu. Hiki cha wastaafu.
Hiki kilipasuka mwaka juzi:
vipande vyake ni hiki, na hiki, na hiki
ambacho hakisemi na hicho.
Na hiki? Hiki, alisema Ilze,
hata wenyewe hawajui wanataka nini,
ila wana bango zuri.

Mama hakucheka.
Kwetu vilikuwa vitatu, alisema.
Vitatu tu, na vilitutosha.

Nilijua kinachokuja, nikazima jiko.
Mwaka ule, zama za siasa,
baba yake alikula muhogo siku arubaini
kwa kuwa mwoka mikate ni wa upande wa pili.
Bi Mtumwa, aliyemnyonyesha yeye na nduguye,
akapita na ndoo kisimani kama hawaoni.
Na alipofariki bibi yao
walihesabiwa waliokuja kuzika,
na waliohesabu walikuwa wengi kuliko waliozika.

Chama, alisema mama,
akaiandika kwa kidole kwenye unga wa dengu.
Toa herufi ya mwanzo: hama.
Tukahama.
Toa na ya pili: ama.
Ama wao ama sisi. Basi.
Akaufuta unga kwa kiganja.

Sikuyafasiri yote. Nilisema tu:
anasema zamani walikuwa na uchaguzi.

Ilze akaeleza kwamba kaka yake
yumo katika chama cha misitu, yeye hayumo.
Wanagombana kila sikukuu, juu ya viazi,
mpaka mama yao anagonga meza kwa kijiko.
Kisha? Kisha wanakula viazi.
Serikali zao huanguka, alisema, kama meno ya watoto:
vyama vinne vinaungana, kimoja kinanuna,
kinatoka, wanatafuta kingine.
Nani anakimbia? aliuliza mama.
Ilze alinitazama mimi, akidhani nimekosea kufasiri.

Akateua karatasi moja, akachukua kalamu.
Akaweka alama ya kujumlisha mbele ya majina mawili.
La tatu akalikata, mstari mmoja, taratibu.
Mama akainuka nusu kitini.
Huyo kafa?
Hapana, yu mzima. Ni wa chama changu, simpendi.
Wa chama chako?
Wa chama changu.
Mama akavua miwani, akaipangusa, akaivaa,
akalitazama lile jina lililokatwa
kama mtu anayetazama mlango
ambao hakujua nyumba yake ilikuwa nao.

Zilizobaki kumi na tano Ilze alitaka kuzitupa.
Karatasi nzuri hivi! Mama akazitandaza kwenye sinia,
wakulima juu ya wastaafu, vipande vya mwaka juzi pamoja,
akamwaga juu yao bajia za moto.
Mafuta yakapenya chama hadi chama.

Tulikula. Nje, muadhini wa kwanza, kisha wa pili,
hawakuafikiana kwa nusu dakika.
Mama alibandua karatasi iliyonata kwenye bajia,
akalisoma jina la chama herufi moja moja,
lugha asiyoijua, kwa sauti ya chuoni.
Muulize, akaniambia.
Hawa wakishindwa,
maji wanateka wapi?

Nikafasiri hilo, neno kwa neno.
Ilze, mwenye kazi ya maji, alifikiri sana.
Bombani, alisema.
Bomba lile lile?
Lipo moja tu.
Mama akamsogezea sinia.